Mwanga kwa Mpangaji wa Chini: Ua wa Ndani katika Majengo ya Fleti



Katika majengo mengi ya Kariakoo, Dar es Salaam, taa za jikoni na vyumbani huwaka saa tano asubuhi ilhali nje jua linachoma. Nyumba ya Kiswahili iliyokuwa juu ya viwanja hivyo ilikuwa na uani, mahali pa kupikia, kufulia na kupumzika penye mwanga na hewa. Ghorofa zilipopanda, ua ulimezwa na jengo. Kilichobaki katikati, mara nyingi, ni tundu jembamba la kupitishia mabomba ya maji machafu. Mada yangu inahusu tundu hilo: tulipanue vipi liwe ua wa ndani, yaani atriamu, unaomfikishia mwanga mpangaji wa chini kabisa? Yeye ndiye kipimo. Fleti ya juu itapata mwanga hata msanifu akikosea.

Tuanze na jua lenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Machi na Oktoba zina siku ambazo jua husimama utosini na kufika hadi sakafu ya chini. Juni mambo hubadilika: jua la adhuhuri huinamia kaskazini kwa nyuzi kama 30. Uwazi wenye upana wa mita 2 kutoka kaskazini hadi kusini utaruhusu miale ya Juni ishuke mita tatu na nusu hivi, ghorofa moja tu, kabla ya kugonga ukuta. Upana ukiwa mita 6, itashuka zaidi ya mita 10. Kwa jengo la mita 30 hata hizo hazitoshi. Ghorofa zinazobaki hutegemea mwanga unaodunda ukutani. Ndiyo maana napinga kabisa kuacha kuta za ndani na plasta tupu ya saruji kwa hoja kwamba hakuna mpita njia anayeziona. Ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga. Saruji hunyonya sehemu kubwa, na kila mwanga unapodunda hupungua tena.

Msanifu Antoni Gaudí alilielewa jambo hili vizuri alipoikarabati nyumba ya Casa Batlló, Barcelona, kati ya 1904 na 1906. Aliupanua uwazi wa katikati akaufunika kwa kioo. Vigae vya juu ni vya buluu iliyokolea, na kadiri unavyoshuka rangi hufifia kuelekea weupe. Madirisha nayo ni madogo juu na makubwa chini. Hesabu hiyo ya madirisha haituongezei gharama kubwa, lakini sisi tunaendelea kuchora dirisha moja na kulinakili kwa ghorofa zote.

New York ilipita njia mbaya kwanza. Sheria ya 1879 ilizaa majengo ya kupanga yenye matundu membamba ya hewa. Wapangaji walitupa taka humo, harufu ikapanda, na moto ulipozuka tundu liligeuka bomba la kuupandisha. Sheria ya 1901 ikadai nyua pana zaidi.

Hapa pwani, paa la kioo lililozibwa pembeni litatupikia wapangaji. Liinuliwe, pande ziachwe wazi ili hewa ya moto na moshi vitoke. Chini pawe na mlango wa kufanyia usafi na mtaro wa maji ya mvua. Jenereta na mashine za viyoyozi zisiwekwe humo hata kidogo: zinapuliza joto na moshi kwenye madirisha yaleyale tuliyoyafungua kwa ajili ya hewa.

Mwenye nyumba atasema mita 6 kwa 6 zinamnyima mita za mraba 36 kila ghorofa. Ni kweli, na kwenye kiwanja kidogo hasara hiyo ni nzito. Kwa hiyo napendekeza majirani wajenge uwazi wao mgongo kwa mgongo, kila mmoja akitoa mita 3 kwenye mpaka, wote wapate 6. Makubaliano hayo yaandikwe kisheria na yafungamane na viwanja vyenyewe, ili atakayenunua kesho asije akapandisha ukuta katikati.