Hata Mgumu Huumwa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu wanaobeba mizigo Mlima Kilimanjaro. Kule mlimani ni nadra kusikia wakiitwa wapagazi. Wao wenyewe, na kila anayefanya nao kazi, husema wagumu. Ni jina la sifa, na wamelistahili. Lakini jina hilo hilo linaweza kumuua mtu, na leo nitawaeleza vipi.

Mwezi Septemba mwaka 2019 nilipanda mlima kwa njia ya Marangu, kinasa sauti begani, nikitayarisha kipindi. Siku ya kwanza tulilala Mandara, mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu alasiri tukafika Kibo, mita 4,700 na ushei. Wageni walipewa chai na kuulizwa mmoja mmoja: kichwa vipi, tumbo vipi, umekula?

Mgumu mmoja, kijana wa miaka kama ishirini na miwili, alifika saa nzima nyuma ya wenzake. Alipotua mzigo aliyumba, akaketi vumbini, akakataa chai. Aliulizwa jina la kijiji chake akajibu mambo mengine kabisa. Wenzake wakacheka. "Huyu kaja na chupa yake," mmoja akasema.

Mpishi wetu hakucheka. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amehudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza mjini Moshi. Alimwuliza kijana kama kichwa kinauma na kama ametapika. Kisha akachora mstari vumbini kwa mpini wa upawa, akamwambia atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu kijana akaanguka upande.

"Hakulewa huyu," mpishi akasema. "Ubongo wake unavimba. Anashuka sasa hivi."

Kiongozi wa msafara akataka asubiri hadi asubuhi. Usiku ule wageni walikuwa wanakwenda kileleni, na mizigo ilikuwa na hesabu yake. Kijana mwenyewe akasema, "Niko fiti, kaka." Mpishi hakukubali. Wakamlaza kwenye machela, wenzake wakamteremsha kwa mwanga wa tochi, watu wale wale waliokuwa wakimcheka. Juma lililofuata nilimkuta stendi ya Moshi akila mahindi ya kuchoma, akili zake timamu. Nilimwuliza kwa nini alisema yuko fiti. Akanijibu kwamba katika kampuni ile, anayeshuka kabla ya safari kwisha hupoteza ujira wa siku zilizobaki pamoja na bahshishi.

Ndugu wasikilizaji, hebu tutazame jambo lenyewe. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Kila pumzi huingiza oksijeni kidogo, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Asiyepewa siku hizo huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula, hutapika. Akiendelea kupanda, maji yanaweza kujaa katika mapafu, akatweta hata akiwa amekaa. Au ubongo huvimba, akapepesuka kama mlevi na kusema ovyo. Hapo kifo kinaweza kuwa umbali wa saa chache.

Watu wengi hudhani kwamba aliyezaliwa chini ya mlima amekingwa. La hasha. Mji wa Moshi hauzidi mita 1,000. Kijana anayelala nyumbani Moshi au Marangu na kufika Kibo siku ya tatu, akiwa na mzigo wa kilo 20, naye anaweza kuugua. Ujana na misuli si kinga. Tena mwenye nguvu ndiye anayepanda haraka zaidi na kunyamaza zaidi.

Mafunzo yenyewe hayahitaji shahada. Atakayeugua juu kule, ahesabiwe kuwa na ugonjwa wa mlimani mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye dalili asipande zaidi. Anayepepesuka, anayechanganyikiwa au anayetweta akiwa amepumzika ateremshwe mara moja, usiku au mchana, na asiachwe peke yake. Oksijeni ya mtungi na dawa husaidia, lakini haziwi badala ya kushuka. Helikopta nayo husubiri ukungu uondoke. Aliyelowa na kutetemeka kwa baridi avuliwe nguo mbichi, atandikiwe kitu chini, afunikwe, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama ana fahamu na anaweza kumeza. Pombe asipewe, humfanya ajisikie joto huku mwili ukizidi kulipoteza.

Mafunzo ya namna hii humfikia kwanza mwongozaji, na ni haki, kwa kuwa ndiye mwenye dhamana. Lakini mgeni mmoja huweza kuhitaji wagumu watatu au zaidi. Wao ndio wengi mlimani. Ndio wanaolala hema moja na mgonjwa, wanaomsikia akikohoa usiku, na ndio watakaobeba machela. Kumfundisha mtu mmoja na kuwaacha kumi gizani ni hesabu mbovu.

Aidha, mafunzo peke yake hayatoshi. Mgumu akijua kwamba kusema "naumwa" ni kupoteza unga wa watoto, atanyamaza hata kama amehitimu kozi tatu. Anayeshuka kwa ugonjwa alipwe safari nzima. Hilo nalo ni huduma ya kwanza.

Pengine wewe msikilizaji unaishi Ilala au Temeke na unaona haya hayakuhusu. Lakini siku hizi Watanzania wa mijini nao wanapanda, hasa mwezi Desemba kuadhimisha Uhuru. Ukienda kulipia safari yako, uliza maswali mawili kabla ya kuuliza bei. Wagumu wenu wamefundishwa huduma ya kwanza? Na mgumu akiugua njiani, mnamlipaje? Ukijibiwa kwa kigugumizi, chukua fedha zako uende ofisi ya jirani.

Na jioni, kiongozi akishamaliza kukuuliza kichwa chako kinaendeleaje, geuka umwulize kijana aliyebeba begi lako. Akikujibu kwamba yuko fiti, mtazame anavyotembea.