Upashanaji wa Maarifa ya Roboti kati ya Mafundi wa Ridhaa na Viwanda

Fundi wa ridhaa, yaani anayeunda roboti nyumbani kwa mapenzi yake, ana muda mwingi na fedha kidogo. Mhandisi wa kiwandani ana bajeti, lakini mashine ikisimama hata saa moja tu, mwajiri wake anapata hasara. Kwa hiyo wa kwanza hujaribu upesi na kusimulia kila anachokiona, na wa pili huhakikisha polepole na kufunga mdomo. Maarifa ya roboti yamekua zaidi pale makundi haya mawili yalipokubaliana mambo machache ya msingi, na yamedumaa pale yalipokosa makubaliano hayo.

Kwa miaka mingi makubaliano hayakuwapo. Roboti ya Unimate ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey, Marekani. Baada yake kila kampuni iliyounda mikono ya roboti ilijitungia lugha yake ya programu: ABB inatumia RAPID, KUKA inatumia KRL, Yaskawa inatumia INFORM. Fundi aliyebobea katika moja alilazimika kujifunza upya alipokabidhiwa mkono wa kampuni nyingine, na mtu wa nje hakuwa na pa kuanzia.

Hali ilianza kubadilika mwaka 2007, kampuni ya Willow Garage ya California ilipoendeleza kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford na kuiita ROS, yaani Robot Operating System. Ingawa jina lake linaitaja kuwa mfumo endeshi, ROS hukaa juu ya mfumo endeshi mwingine, mara nyingi Linux. Kazi ya roboti hugawanywa katika programu ndogo ndogo: moja husoma kamera, nyingine hupanga njia, nyingine huendesha mota, na zote huzungumza kwa ujumbe wenye muundo unaojulikana. Anayeboresha programu ya kamera hahitaji kujua lolote kuhusu mota. Huu ndio uamuzi uliofungua mlango, kwa sababu mtu aliweza kuchangia kipande kimoja akakikabidhi kwa asiowajua.

Leseni nayo ilikuwa na uzito wake. Sehemu kubwa ya ROS ilitolewa kwa leseni ya BSD, inayoruhusu kampuni kutumia programu katika bidhaa zake bila kulazimika kuanika ilichoongeza. Viwanda viliingia bila hofu ya kupoteza siri zao. Gharama ya ukarimu huo ni kwamba kampuni inaweza kuchukua miaka nenda miaka rudi isirudishe chochote.

Mwaka 2010 Willow Garage ilitoa roboti 11 za aina ya PR2 kwa taasisi za utafiti. Bei yake ilikuwa dola 400,000, kiasi ambacho hakuna karakana ya nyumbani ingekimudu. Mwishoni mwa mwaka huohuo Microsoft ilianza kuuza Kinect, kifaa cha michezo ya video cha takriban dola 150 chenye kamera inayopima umbali. Ndani ya siku chache mafundi wa ridhaa waligundua namna ya kukisoma kwa kompyuta ya kawaida, wakatangaza waziwazi walivyofanya. Maabara zilizozoea vipimo vya bei ghali zilikikimbilia. Hapo maarifa yalipanda kutoka chini, na ndipo ilipopatikana TurtleBot, roboti ndogo ya kujifunzia ambayo mwanafunzi aliweza kuinunua.

Daraja rasmi la viwandani lilijengwa mwaka 2012. Shaun Edwards wa Southwest Research Institute, taasisi iliyoko San Antonio, Texas, alianzisha mradi wa ROS-Industrial kwa kushirikiana na Yaskawa Motoman na Willow Garage. Kampuni wanachama hulipa ada, na kazi zinazogharimiwa nazo huweza kuwafikia hata wasiolipa.

Daraja hilo lina mitego ya kawaida kabisa. ROS hupima umbali kwa mita na pembe kwa rediani. Mikono mingi ya viwandani huonyesha milimita na digrii. Namba 500 ikivuka bila kubadilishwa, nusu mita inageuka nusu kilomita. Kwa bahati nzuri, tayari mwaka 2010 jamii ya ROS ilikuwa imeandika waraka wa vipimo na mielekeo: mbele ni mhimili wa x, kushoto ni y, juu ni z. Waraka huo ni mfupi na hauvutii, lakini umeokoa kazi nyingi kuliko programu nyingi zinazosifiwa.

Mafunzo yamepita pia kutoka viwandani kuja kwa wengine. ROS ya kwanza ilitegemea kituo kimoja cha kuunganisha programu zote, na haikuwa na ulinzi wa mawasiliano. Maabara ilivumilia hayo, kiwanda hakikuweza. ROS 2, iliyotoa toleo lake la kwanza rasmi Desemba 2017, iliacha kituo hicho na kuchukua DDS, kiwango cha mawasiliano ambacho tayari kilitumika katika mifumo mikubwa.

Usalama ndio unaovuka kwa shida zaidi. Kiwango cha ISO 10218 kinataka mkono unaoongozwa na mtu aliye karibu, kwa mwendo uliopunguzwa, usizidi milimita 250 kwa sekunde. ISO/TS 15066 ya mwaka 2016 inaeleza nguvu ambayo kila sehemu ya mwili inaweza kuhimili ikiguswa na roboti. Maarifa haya yangemfaa sana fundi wa ridhaa anayewasha mkono wenye nguvu sebuleni, watoto wakiwa karibu, lakini nyaraka hizo huuzwa, na wengi hawazioni kamwe. Vivyo hivyo kumbukumbu za hitilafu: waya uliokatika kwa kupindwa mara nyingi, giaboksi iliyolika mapema. Kiwanda kinazijua, na kuzitoa hakufichui siri ya bidhaa yoyote. Kampuni zinazonufaika na programu za bure zinapaswa kuanza na hizo.

Jambo la mwisho ni matunzo. Programu iliyotolewa bure huhitaji mtu wa kuirekebisha, na vipande vingi vya ROS hutegemea watu wanaojitolea. Huduma kwa Noetic, toleo la mwisho la ROS ya kwanza, ilikoma Mei 2025. Kiwanda kinachoendelea kuitumia sasa kinapaswa kulipia matunzo yake au kuhamia ROS 2.