Tembe za Mume Si Tembe za Mke



Majirani wema hugawana chumvi na unga. Tembe za msongo wa mawazo hazigawanwi. Zilizomfaa mume huenda zisimfae mke, hata kama dalili zao zinafanana.

Katika shina la ubongo zimo seli za neva zinazotoa kemikali iitwayo serotonini. Seli hizo ni chache, lakini nyuzi zake huenea karibu ubongo mzima, zikisaidia kuongoza hisia, usingizi na hamu ya chakula. Tembe kama fluoksetini huzuia serotonini isifyonzwe upesi, ikaendelea kufanya kazi kwa muda zaidi.

Homoni za kike, zinazopanda na kushuka kila mwezi, katika ujauzito na baada ya kujifungua, hugusa seli hizo hizo. Kwa panya wa maabara, watafiti wameona seli za majike na za madume zikiitikia dawa kwa njia tofauti. Tena, msongo wa mawazo huwapata wanawake takriban mara mbili ya wanaume.

Hata hivyo, utafiti uliwaacha nyuma. Mwaka 1977 Marekani iliwazuia wanawake wenye uwezo wa kushika mimba kushiriki majaribio ya mwanzo ya dawa. Zuio hilo liliondolewa 1993. Mwaka 2013 dozi ya zolpidemu, dawa ya usingizi, ilionekana kuwa kubwa mno kwa wanawake, ikapunguzwa kutoka miligramu 10 hadi 5.

Hiyo si ruhusa ya kukata tembe nyumbani. Mama amweleze daktari kama ni mjamzito, ananyonyesha au anapanga uzazi. Baba naye asione haya kusema hamu ya tendo la ndoa ikipungua; wengine huacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo. Wote wataje dawa nyingine wanazotumia, hasa tramadoli ya maumivu, kwani zikichanganywa serotonini yaweza kuzidi na kuhatarisha maisha.

Nafuu huchukua wiki kadhaa, na kuacha ghafla huleta madhara. Anayehisi kukata tamaa ya kuishi asingoje: afike kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, leo hii.