Kompyuta ya zoni haimuoni mtoto mwenye hakuhesabiwa

Haya ni maneno yenye yalisemwa mbele ya memba katika mkutano wa mwezi. Tunayaandika kwa ajili ya wale wenye hawakufika.

Niliombwa niseme juu ya informatike ya afya. Najua jina hilo ni zito, na wengine wanafikiri ni mambo ya Kinshasa ao ya Ulaya. Hapana. Ni mambo ya mtoto wako na sindano yake ya surua.

Informatike ya afya ni kazi ya kukusanya habari za wagonjwa na za matunzo, kuziweka muzuri, kuzituma mahali zinahitajiwa, na kuzitumia ili kupanga kazi. Kompyuta ni chombo tu. Kazi yenyewe inaanza na kalamu.

Tufuate habari moja. Mama anapeleka mtoto kwenye chanjo. Muganga anaandika katika rejista na kwenye kadi ya mtoto. Mwezi ukiisha, muganga mkuu wa kituo, yule tunamuita IT, anahesabu mistari ya rejista na kujaza ripoti. Ripoti inaenda kwenye biro ya zoni ya afya. Kule wanaiingiza katika kompyuta, ndani ya programu yenye inaitwa DHIS2. Mizizi ya programu hiyo iko Afrika Kusini, katika miaka ya 1990 kisha ubaguzi wa rangi kuisha, na leo inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norwe. Ni ya bure, na nchi zaidi ya 70 zinaitumia. Kwetu inabeba hesabu za zoni 519 za nchi nzima. Ikisha kuingizwa, wakubwa wa mkoa na wa Kinshasa wanaona hesabu ileile.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ni vilevile. Lakini hata daftari yenye kuandikwa muzuri inaweza kudanganya, na hapo ndipo sisi wenye kurudi tunaingia.

Ili zoni ijue kama imefanya kazi, haitoshi kujua watoto wangapi walichanjwa. Inapaswa kujua walichanjwa wangapi kati ya wangapi. Hiyo "kati ya wangapi" inatoka wapi? Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika 1984. Toka hapo, hesabu ya watu ni ya kukadiria, pamoja na ile ya mareko wenye wanapita nyumba kwa nyumba.

Niwape mfano. Tuseme kijiji kiko na watu 5,000 katika karatasi za zoni. Wizara inahesabu kwamba kila mwaka wanazaliwa watoto karibu 4 kwa kila watu 100. Basi zoni inapanga chanjo ya watoto 200. Kisha mashua zinavuka ziwa kutoka Kigoma, familia zinarudi, watu 1,250 wanaongezeka, na hakuna mwenye aliwaandika. Sasa watoto ni 250. Muganga anachanja 200 na dozi zinaisha. Katika kompyuta inaonekana 100 kwa 100, na mkubwa wa zoni anafurahi. Lakini kwa kweli ni 80 kwa 100. Watoto 50 wako nyumbani bila kinga, na kompyuta haijui kama wako duniani.

Surua haina huruma na hesabu ya namna hiyo. Ili isienee, watoto 95 kwa 100 wanapaswa kuwa na kinga. Munakumbuka mlipuko wenye ulianza 2019: watu zaidi ya 6,000 walikufa katika nchi yetu, na wengi wao walikuwa watoto wadogo.

Najua juu ya nini milango inafungwa wakati reko anafika. Kule kambini tulihesabiwa kila mara, lakini kuhesabiwa kulileta rasheni. Mtu alikuwa anaona faida siku ileile. Hapa nyumbani reko anakuja na daftari, haleti unga wala mafuta. Tena kuna woga: labda ni kodi, labda ni mambo ya mashamba, labda orodha itaanguka mikononi mwa watu wenye silaha. Woga huo siuchekeshi. Sisi wote tunajua kwa nini tulikimbia.

Kwa hiyo mujue haki zenu. Kuhesabu kwa afya kunatafuta watu wangapi wako katika nyumba, umri wao, na wamama wenye mimba. Mtu akiuliza kabila yako ao mipaka ya shamba lako, muko na haki ya kumuuliza juu ya nini, na kumuita chef wa kijiji ao IT. Katika ripoti ya mwezi hakuna majina, kuna hesabu tu. Majina na magonjwa yanabaki katika rejista ya kituo, na muganga anapaswa kuyatunza kama siri. Tena toka 2023 nchi iko na sheria ya mambo ya kidijitali yenye kulinda habari za mutu binafsi.

Naomba mambo manne.

Kwanza, reko akifika, mumuhesabie wote wenye wanalala katika nyumba, hata wale walifika jana.

Pili, mutunze kadi za kliniki zenye mulikuja nazo kutoka Tanzania. Mumuonyeshe muganga, aendelee pale walifikia. Kama kadi ilipotea, mpeleke mtoto vilevile. Kupata chanjo ya surua mara ya pili hakumudhuru.

Tatu, jina la mtoto liandikwe namna moja kila mahali, na tarehe ya kuzaliwa ileile. Kompyuta haijui kama Yohana na Jean ni mtoto mmoja.

Nne, mutuelle yetu iandike kila familia yenye imefika mwezi huu, wangapi na wa umri gani, bila majina, na komite ipelekee IT hesabu hiyo mbele ya mwisho wa mwezi. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Hatuna kompyuta hapa, na umeme hatuna. Lakini ile kompyuta ya zoni inakula kile tunaipa. Tukiipa hesabu ya kweli, itaomba dozi za kweli.

Nasikiliza maulizo yenu.