Kuvuka, Kukatiza na Kupishana: Maneno Machache juu ya Kitenzi "cross"

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu alinitaka nizungumze juu ya kazi yangu ya uhakimu, ambayo nimekwisha staafu. Nikamjibu kwamba kazi yangu yote inaweza kuelezwa kwa neno moja la Kiingereza tulilofundishwa katika shule hii, nalo ni "cross". Alicheka, lakini mimi sikuwa na mzaha.

Wale tuliokuwa Kidato cha Pili mwaka 1969 watakumbuka siku hiyo. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliingia darasani, akachora ubaoni mistari miwili inayokatana, kisha akaagiza kila mmoja atunge sentensi ya kitenzi hicho na kuitafsiri. Mwenzetu mmoja, ambaye leo yupo hapa na wajukuu wake, aliandika kwamba mama yake alikuwa "cross" naye. Tafsiri yake ikawa hivi: "Mama alikuwa msalaba pamoja nami." Darasa zima lilianguka kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Alisema, "Huyu amekosea maana, lakini asili ya neno ameijua kuliko ninyi nyote."

Na kweli. Neno hilo ni msalaba. Asili yake ni Kilatini, "crux". Likapita kwa watu wa Ireland, wakalichukua mabaharia wa Skandinavia, ndipo likafika Uingereza, ambako zamani msalaba waliuita "rood". Kwa hiyo Mwingereza anapotumia kitenzi hiki, nyuma yake ipo picha ya mistari miwili inayokutana na kukatana. Mto umelala, mtu anaukata: "cross". Karani amekosea, anapiga mstari juu ya neno: "cross out". Muumini anapiga ishara ya msalaba: "cross" tena. Mfugaji anapandisha ng'ombe wa kienyeji kwa dume la kigeni apate chotara: "cross". Unapopiga mistari miwili sambamba usoni mwa hundi, ili fedha zipite katika akaunti ya benki zisilipwe mkononi, hilo nalo ni "cross", na sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 imelieleza kwa urefu. Hata hasira imo humo, maana mtu mwenye hasira amekukalia kimkingamo, kama gogo lililoanguka njiani.

Sasa tazameni Kiswahili. Sisi hatuna neno moja la kubeba mizigo hiyo yote, wala hatulihitaji. Mtu akitoka Kigamboni kwenda mjini, anavuka. Akipita katikati ya shamba la mwenziwe ili kufupisha njia, anakatiza. Barua yangu ikienda Tabora wakati yako inakuja huku, zimepishana. Akiketi na kuweka mguu juu ya mguu, amekunja nne. Mshirika wako wa biashara akikusaliti kwa siri, Mwingereza atasema "double-cross", nasi tutasema amekuzunguka. Wazo halivuki akili, bali hutujia au hutupitia. Ukisema jambo limevuka akili yangu, nitadhani unanitukana kwamba limenishinda kufahamu!

Ninavyoona mimi, Mwingereza anatazama mistari inavyokatana, nasi tunatazama kile hasa kinachotendeka. Anayevuka macho yake yako ng'ambo ya pili. Anayekatiza ameiacha njia iliyonyooka. Waliopishana ni wawili, wala hakuna aliyemwona mwenziwe. Ndiyo sababu "kuvuka" kwetu kumepata maana nyingine ambazo "cross" haina. Kiwanda kinavuka lengo, na mtu aliyeokoka katika shida tunasema amevuka salama.

Ndugu zangu, mpaka hapa mnaweza kudhani haya ni mambo ya darasani tu. Nami nilidhani hivyo mpaka mwaka 1988.

Wakati huo nilikuwa hakimu katika mahakama ya wilaya. Vijana huenda hawajui jinsi tulivyofanya kazi. Shahidi alisema Kiswahili, wakili au mwendesha mashtaka aliuliza kwa Kiswahili, nami nikaandika kwa mkono wangu, kwa Kiingereza. Hapakuwa na mkalimani. Mkalimani alikuwa ni mimi, tena wa haraka, kalamu ikikimbizana na mdomo wa mtu.

Siku hiyo palikuwa na kesi ya barabarani. Dereva wa lori alishtakiwa kwa kumjeruhi mtoto kwa uendeshaji wa hatari. Mtoto alikuwa amevunjika mguu. Utetezi wa dereva ulifahamika tangu mwanzo: mtoto alikatiza barabara ghafla, asingeweza kumkwepa. Ndipo akaja shahidi, mama mmoja muuza machungwa. Alieleza taratibu, bila kuongeza chumvi. Alipomaliza akajibu maswali ya dodoso kutoka upande wa utetezi, na hakuyumba.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka hakimu amjulishe kila shahidi kwamba anayo haki ya kusomewa ushahidi wake. Nami nilimjulisha, kama nilivyowajulisha mamia kabla yake. Kwa kawaida watu walijibu, "Haina haja, Mheshimiwa," nasi tukaendelea. Saa zilikuwa zimekwenda, na kesi nyingine zilikuwa zikingoja. Yule mama akasema, "Naomba nisomewe."

Nikaanza kusoma, nikirudisha Kiingereza changu katika Kiswahili. Nilipofika katikati nikasoma, "Niliona lori linamgonga mtoto alipokuwa anavuka barabara."

Akaniambia, "Samahani, Mheshimiwa, mimi sikusema hivyo. Nilisema mtoto alikuwa keshavuka. Alikuwa amesimama kwenye meza yangu, ananihesabia senti."

Nawaambieni kweli, jambo la kwanza lililonijia halikuwa aibu. Lilikuwa hasira. Mimi niliyesoma Kiingereza miaka yote ile, nisahihishwe na muuza machungwa mbele ya mawakili na makarani! Nikatazama karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika "was crossing". Alichosema yeye ni "had crossed". Kitenzi ni kilekile, tofauti ni wakati tu. Lakini katika tofauti hiyo mtoto anahama kutoka katikati ya barabara hadi pembeni kwenye meza ya machungwa, na lori linahama naye, linaiacha barabara na kumfuata. Kwa maneno yangu mtoto ndiye aliyeiingilia njia ya lori. Kwa maneno ya mama, lori ndilo lililoingilia mahali pa mtoto.

Kwa nini nilikosea? Nimejiuliza sana. Haikuwa kwa kutojua Kiingereza. Nilikuwa nimekwisha sikia habari ya dereva, picha ya mtoto anayekatiza barabara ikakaa kichwani, na mama aliposema "vuka", kalamu yangu ikaandika picha iliyokuwa kichwani badala ya neno lililotoka kinywani. Kiswahili chake kilikuwa wazi kabisa. "Keshavuka" haina mawili.

Niliandika masahihisho yake kama sheria inavyotaka. Baadaye ramani iliyochorwa na askari wa usalama barabarani ilionyesha alama za matairi nje ya lami, ikapatana na maneno yake. Dereva alitiwa hatiani. Sikuwa na wasiwasi na hukumu ile, wala sina leo.

Wasiwasi wangu ni mwingine. Yule mama aliomba kusomewa. Je, wale mamia waliosema "haina haja"? Kuna wangapi ambao niliwaandika wakivuka, nao walikuwa wamekwisha vuka? Majalada yao yamefungwa, sina njia ya kuwauliza. Tangu siku ile mpaka nilipostaafu, nilimsomea kila shahidi, aliyeomba na asiyeomba. Makarani walinung'unika kwamba ninachelewesha kazi. Pengine walikuwa na haki, lakini sikuacha.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Niliposikia habari hiyo nilimkumbuka muuza machungwa. Ni hatua kubwa. Lakini tusidanganyike kwamba lugha peke yake itatuvusha. Msikilizaji mwenye picha yake kichwani anaweza kukosea hata pale maneno yote ni ya lugha ya mama yake.

Vijana, ninayo mawili ya kuwaachia. La kwanza, someni Kiingereza kwa bidii, lakini msikidharau Kiswahili mkadhani kila neno la kigeni lina akili zaidi. Mimi nilikuwa na neno moja la kigeni, yule mama alikuwa na neno lililo sahihi. La pili, mtu akiandika maneno yako, awe karani, askari, daktari au hakimu, usione haya kumwambia, "Naomba nisomewe." Atakunja uso. Mwache akunje.

Na ninyi wenzangu wa mwaka 1969, nasi pia tu karibu kuvuka. Tukiwa bado upande huu, tusipishane kama zile barua. Tukutane.