Tuingilie Mlango Gani? Kugeuza Mfululizo wa Riwaya za Kisayansi kuwa Filamu

Mada kwa warsha ya waandishi wa skripti, Kisumu



Msomaji aliyekipenda kitabu huja kutazama filamu akiwa na madai: fulani asikosekane, pambano lile lisifupishwe. Mfululizo wa vitabu vitano huzaa madai mara tano. Nasema tusiyatimize yote. Tuchague mlango mmoja wa kuingilia, kisha tulinde sheria za ulimwengu wa kitabu.

Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, angeiandikia Amazon tamthilia ya Wild Seed pamoja na Nnedi Okorafor, na kuiongoza. Riwaya hiyo ya Octavia Butler imo katika mfululizo wa Patternist, uliochapishwa bila kufuata mpangilio wa hadithi. Patternmaster, kilichotangulia mwaka 1976, kinasimulia mwisho wa mambo, karne nyingi zijazo. Wild Seed cha 1980 ndicho kinachoanza mwanzo, Afrika Magharibi ya 1690, Doro anapomkuta Anyanwu. Nacho Survivor cha 1978, Butler mwenyewe alikataa kichapishwe tena. Basi shabiki anayetaka vitabu vyote vipewe heshima sawa amemzidi mwandishi!

Mlango huo wa Wild Seed naukubali. Doro huua ili apate mwili mpya; Anyanwu huugeuza wake na kuponya wengine. Mtazamaji akishawajua wawili hao, kizazi chao chote kitamhusu. Ukianzia Patternmaster, utamsomesha historia kabla hajampenda mtu yeyote.

Sheria za ulimwengu nazo zionekane kwa vitendo. Katika Pumzi (2009), filamu ya Kahiu ya takriban dakika 20, maji yamekwisha duniani. Hakuna anayehitaji kutuhutubia kuhusu ukame: tunaona jasho na mkojo vikisafishwa vinywewe tena. Ukiongeza hapo mto mmoja kwa sababu unapendeza machoni, umeiua filamu. Mahali, kinyume chake, panaweza kuhama. Rafiki (2018) ilitokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ikahamia Nairobi bila kupoteza uhai.

Nasi tuna mahali pa kuhamishia. Gugumaji likifunga Ghuba ya Winam, ziwa hugeuka uwanda wa kijani ambao hakuna studio itakayoujenga kwa bajeti yetu. Ila upepo ukigeuka, uwanda wote umehama. Picha ya asubuhi haitaungana na ya jioni. Wavuvi wa Dunga waulizwe kabla ya kupanga ratiba, si baada ya kamera kukodishwa.

Nimesikia baadhi yenu mkitaja Walenisi ya Katama Mkangi (1995), inayomrusha Dzombo hadi sayari nyingine. Ni chaguo zuri, tena Kiswahili chake kina ucheshi utakaobebeka kwenye mazungumzo. Lakini kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya riwaya hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Mkangi alifariki 2004, kwa hiyo kazi yake inalindwa hadi mwisho wa 2054. Naomba basi, kabla hatujagawana sura za kuandika, tumchague mmoja wetu awaendee wenye haki, naye arudi na kibali kilichotiwa saini.