DAMU YA KUPIMWA HUTOLEWA WAPI, NA JE, SAUMU YAHARIBIKA?



Ndugu yangu msomaji, nianze na kisa cha nyumbani kwetu. Nyanya yangu ana ugonjwa wa sukari, na mashine ya kupimia anayo. Ramadhan moja ilipoandama akaificha kabatini. Siku ya tatu, baada ya Alasiri, tukamkuta ametota jasho, mikono yatetemeka, maneno hayashikani. Sukari ilikuwa imeshuka. Alikuwa bado aweza kumeza, tukampa maji ya sukari, alhamdulillahi akarudi. Nilipomuuliza mbona hakupima, akanambia, "Mjukuu wangu, nikitoa damu si nishafungua?"

Wallahi swali lile lilinichoma, manake wengi wetu twaliuliza kimoyomoyo. Basi hebu tuangalie damu hutolewa wapi, na ni kiasi gani.

Kwanza, mkononi. Hapa ndipo damu ya vipimo vingi vya maabara hutoka. Hufungwa mpira juu ya kiwiko, mshipa ukajitokeza, na sindano ikaingia upande wa ndani wa kiwiko. Mshipa wa hapo ni mpana na uko karibu na ngozi. Chupa moja huchukua mililita chache tu, kama kijiko cha chai, na mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Mkono wenye dripu huepukwa, kwa sababu maji yake huchanganyika na damu na majibu yakapotoka. Ukimaliza, bonyeza pamba huku mkono umenyooka; ukiukunja, damu huvilia.

Pili, kidoleni. Damu ya malaria na ya sukari hutolewa hapa, kidole cha kati au cha pete, pembeni mwa ncha, ambako hakuumi sana kama katikati. Lakini nawa mikono kwanza na uikaushe! Ukishashika tende ya futari, utamu uliobaki kidoleni utaifanya mashine iseme sukari imepanda, na wala haikupanda.

Tatu, kisiginoni. Mtoto mchanga hatobolewi kidole, kwa kuwa mfupa uko karibu mno. Hutobolewa pembeni mwa kisigino. Mama, usishtuke ukiliona hilo kliniki.

Nne, kwenye kifundo cha mkono, pale mapigo ya moyo yanaposikika. Hapa hutolewa kwa mgonjwa mahututi, kupima oksijeni katika damu.

Sasa, je, saumu? Wanazuoni hulilinganisha jambo hili na kuumika kwa chuku. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliumikwa naye amefunga. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani twaifuata, kuumika hakufunguzi. Katika madhehebu ya Imam Ahmad kunafunguza. Lakini tone la kidole au chupa ya maabara ni kidogo mno, na wanazuoni wengi wa leo wasema saumu iko palepale. Kinachochukiza ni kutoa damu nyingi hata mtu akadhoofika. Kwa hivyo ukitaka kujitolea damu, ngoja usiku, ila kukiwa na dharura.

Na ukipima ukakuta sukari iko chini ya 3.9 au juu ya 16.6, ushauri wa madaktari ni ufungue papo hapo, usingoje adhana. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqarah, aya ya 185. Ruhusa ya Mola si aibu.

Siku hizi nyanya hupima adhuhuri, na tena alasiri. Mimi ndiye nimshikaye kidole, naye hugeuza uso akisoma bismillahi. Nawe ndugu yangu, leo kabla ya futari, muulize mzee wako: mashine iko wapi? Ikiwa kabatini, itoe.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan kareem.